Ndege ya mfano: maneno ya kuiunda kwa ramani na matumizi yake

Ndege ya mfano (nomino, ngeli ya I-/ZI-, wingi: ndege za mfano) ni chombo kidogo kirukacho angani, kilichoundwa kwa kufuata umbo au kanuni za ndege kubwa, kisichobeba mtu, na ambacho aghalabu huongozwa kwa mawimbi ya redio na mtu aliyesimama ardhini. Ndege ya sarakasi ni ile iliyokusudiwa kupinda, kubingirika na kuruka chali mbele ya watazamaji au waamuzi.

Fundi wa Tarime au wa Mugumu anayekunjua ramani ya ndege ya namna hiyo, iliyochorwa Ulaya au Marekani katika miaka ya 1960 au 1970, hukabiliwa kwanza na tatizo la mbao, kisha la gundi. Lipo la tatu ambalo halitatuliwi dukani, nalo ni la maneno. Ramani imeandikwa kwa lugha ya kigeni, na kila sehemu iliyotajwa humo haina budi kupewa jina ambalo mwenzake, yule anayeshika mkia wakati wa majaribio, atalielewa papo hapo. Jina likiyumba, kazi ya miezi mitano huishia kwenye kichuguu ndani ya sekunde tatu. Makala hii inaeleza maneno hayo, yalikotoka, na mahali yanapokosewa.

Ndege huyu na ndege hii

Neno ndege lina maana mbili, na kinachozitenganisha si umbo la neno bali upatanisho wa kisarufi. Kiumbe mwenye manyoya hufuata ngeli ya A-/WA-: "ndege ametua juu ya paa", "ndege wametua". Chombo hufuata ngeli ya I-/ZI-: "ndege imetua Kogatende", "ndege zimetua". Zamani waandishi walitumia pia eropleni, neno ambalo bado limo katika kamusi, ingawa katika mazungumzo ya leo ndege imelisukuma pembeni.

Mahali ambapo tofauti hiyo inabeba uzito mkubwa kuliko mazoezi ya darasani ni Serengeti yenyewe. Tarehe 10 Januari 1959 Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama kutoka angani pamoja na baba yake Bernhard, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, alifariki baada ya chombo chao aina ya Dornier Do 27 kugongana na tai. Chombo hicho kilipakwa milia ya pundamilia, na namba yake ya usajili, D-ENTE, ilificha neno la Kijerumani lenye maana ya bata. Mwandishi wa Kiswahili anayesimulia ajali hiyo ana njia mbili. Akiandika "ndege aliigonga ndege", mgongaji ni kiumbe. Akiandika "ndege ilimgonga ndege", mgongaji ni chombo. Nomino ni ileile mara mbili, lakini viambishi vinaeleza yote. Na anayechanganya viambishi hivyo amebadilisha habari yenyewe. (Tai, kwa kupita, ni jina pana mno hapa. Yule alaye mizoga huitwa kwa usahihi zaidi tumbusi, au tai mzoga.)

Kwa hiyo "ndege ya mfano" ni chombo, ilhali "ndege wa mfano" atakuwa kanga au njiwa aliyeletwa darasani kuonyeshwa. Kanuni hiyo haibadiliki hata chombo kinapopewa jina la mnyama. Mashindano ya kwanza ya dunia ya sarakasi za ndege ziongozwazo kwa redio, yaliyofanyika Uswisi mwaka 1960, yalishindwa na Ed Kazmirski wa Marekani, ambaye baadaye alibuni ndege aliyoiita Taurus, yaani fahali kwa Kilatini. Husemwa "Taurus imepaa", si "amepaa". Hali kadhalika Curare ya Hanno Prettner wa Austria, aliyotwalia ubingwa wa dunia mwaka 1977. Jina hilo ni la sumu ya mishale ya wawindaji wa Amerika ya Kusini, jambo ambalo mtu aliyekulia miongoni mwa wapiga upinde wa Mara hahitaji kufafanuliwa.

Kuunda, kujenga, kutengeneza, kuunganisha

Nyumba hujengwa, chombo huundwa. Kitenzi unda kilikuwa cha mafundi wa majahazi kabla hakijahamia kwenye kamati na serikali, na ndiko vilikotoka kiunzi na muundo. Kwa kuwa ndege ni chombo, na kwa kuwa mifupa yake huwekwa mmoja mmoja kama ya jahazi kabla ya kuvikwa ngozi, unda ndicho kitenzi chake cha haki. "Kujenga ndege" hueleweka, lakini humfanya msomaji asikie harufu ya saruji.

Kutengeneza kuna kasoro nyingine. Katika lugha ya gereji neno hili limeegemea mno upande wa kurekebisha kilichoharibika, hivyo "fundi ametengeneza ndege" huacha swali: ameitengeneza tangu mwanzo, au ilianguka jana? Kuunganisha nako kuna mahali pake, pale ambapo sehemu zimekuja zimekwisha kukatwa ndani ya boksi na kazi iliyobaki ni kuziunga. Anayeanza na karatasi na mbao tupu haunganishi, anaunda.

Si kosa kuita kazi hii mchezo, lakini si sawa kuiita ndege hiyo "ya kuchezea". Watoto wa vijijini huunda magari na ndege kwa waya na mabua, na vitu hivyo ni vya kuchezea kwa maana njema ya neno. Ndege ya sarakasi ya miaka ya 1970 ilibeba injini ya hadi sentimita 10 za ujazo na rafadha inayoweza kukata kidole. Neno mfano humkumbusha mshikaji kwamba kilicho mkononi mwake kinafuata kanuni zilezile zinazokibeba chombo cha abiria.

Ramani

Ramani ni neno lenye wigo mpana kuliko wanavyodhani wanaolijua kutoka somo la jiografia pekee. Ni picha ya nchi, na pia ni mchoro wa kitu ambacho bado hakijakuwapo: ramani ya nyumba, ramani ya shule, ramani ya ndege. Wilayani Serengeti maana ya kwanza imekuwa jambo la usalama wa watu. Mradi wa Crowd2Map, ulioanza mwaka 2015, umewashirikisha watu wa kujitolea kuchora barabara na vijiji vya Tanzania katika OpenStreetMap, na miongoni mwa sababu zake ni kuwawezesha wanaowaokoa wasichana dhidi ya ukeketaji, wakiwamo wa nyumba salama ya Mugumu, kufika kijiji sahihi kwa wakati. Ramani ya namna hiyo huanza na kitu kilichopo ikakileta kwenye karatasi. Ramani ya fundi huenda njia ya kinyume. Zote mbili, zikiwa na kosa, hufahamika kuwa na kosa pale tu mtu anapokuwa amekwisha kuzitegemea.

Mchoro ni neno la jumla zaidi, na hutumika vema kwa sehemu moja: "mchoro wa mkia", "mchoro wa taruma ya tatu". Ramani ndiyo karatasi nzima, yenye vipimo.

Ramani ya zamani ina mitego mitatu ambayo lugha inaweza kuipunguza makali. Wa kwanza ni inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, na unene wa mbao katika ramani za Marekani na Uingereza huandikwa kwa sehemu za inchi: moja ya kumi na sita ni milimita 1.6 hivi, moja ya nane ni 3.2, robo ni 6.4. Sehemu hizi zisomwe kwa maneno kamili. "Moja na nane" ni kitu kingine kabisa, na wapo waliokata mbao kwa kusikia hivyo.

Wa pili ni nakala. Karatasi iliyopitia mashine ya kurudufu hutoka ikiwa imekua au imepungua kidogo. Nakala iliyopungua kwa sehemu tano katika mia huwa na tundu la mhimili ambalo ubao wa unene halisi hauingii. Kabla ya kukata chochote fundi hupima mstari mmoja ambao urefu wake umeandikwa na kuulinganisha na rula.

Wa tatu ndio uletao kicheko na machozi. Ramani nyingi za zamani, kwa kubana karatasi, zilichora bawa moja tu, na kuandika pembeni kwamba la pili ni kinyume chake. Neno kinyume hapa halina maana ya "tofauti" wala "juu chini". Lina maana ya sura ionekanayo kwenye kioo. Asiyelielewa huunda mabawa mawili ya kushoto. Dawa yake ni ya jikoni: karatasi ikipakwa mafuta ya kupikia hupenya nuru, mistari ikaonekana upande wa nyuma, na bawa la pili likaundwa juu ya mgongo wa ramani ileile. Nailoni nyembamba hutandazwa juu yake ili gundi isishike karatasi.

Kutoka majini: taruma, mhimili, rafadha

Aliyezoea ufuo hatashangaa kuona kwamba sehemu kubwa ya maneno ya ndege yalishawahi kulowa maji. Mbao zilizopinda zinazotoa umbo la ubavu wa jahazi huitwa mataruma, na vipande vinavyotoa umbo la bawa, vikipangwa kimoja baada ya kingine kutoka shina hadi ncha, ni kitu kilekile kwa udogo. Wapo wasemao "mbavu za bawa", na hawakosei, ila taruma lina faida ya kutokuwa na maana nyingine mezani. Ubao mrefu unaopita katikati ya mataruma yote na kubeba uzito wa chombo hewani ni mhimili. Kiwiliwili ni mwili wa ndege bila mabawa na mkia. Kamusi nyingine huita kiunzi, lakini kiunzi ni bora kiachiwe mifupa kabla haijavikwa.

Rafadha ni kile kizungukacho na kuvuta chombo, kiwe melini au angani. Mitaani husikika pangaboi, neno la feni ya darini, na mazungumzo huendelea bila madhara. Katika maandishi rafadha ndiyo iliyo wazi.

Bawa na ubawa huchanganywa mara nyingi. Bawa (wingi mabawa) na ubawa (wingi mbawa) zote mbili ni sahihi, lakini si sahihi kuchukua umoja wa moja na wingi wa nyingine, wala kuandika "ubawa lake". Ni "bawa lake" au "ubawa wake". Kutokana na bawa hupatikana kibawa, na vibawa vinafaa sana kuwa jina la vile vipande viwili vyenye bawaba nyuma ya mabawa, ambavyo kimoja kikipanda kingine hushuka na ndege ikalala upande.

Kuhusu mbao zenyewe, ramani hudai balsa, mti wa Amerika ya Kusini ambao Ekwado ndiyo muuzaji wake mkuu, na ambao mita moja ya ujazo huwa na uzito wa kilo 100 hadi 200 hivi, ilhali ya maji ni kilo 1,000. Katika kingo za Ziwa Viktoria huota mti wa majini wenye shina jepesi ajabu, ambao wavuvi wameutumia kwa maboya ya nyavu. Kwa wepesi unaikaribia balsa, ila nyuzi zake ni laini na haufai mahali penye kuvutwa. Mihimili ni ya paini iliyonyooka, kama ile ya msitu wa Sao Hill wilayani Mufindi. Anayebadilisha mbao hubadilisha uzito, na uzito hubadilisha kitovu cha uzito, yaani ile nukta ambayo ndege ikishikwa hapo kwa ncha za vidole viwili hulala sawasawa. Katika ndege nyingi za aina hii nukta hiyo iko kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ikipimwa kutoka mbele. Mkia ukiwa mzito, hakuna ustadi wa mikono utakaoiokoa.

Usukani upi?

Hapa ndipo ajali za maneno zinapotokea. Usukani ulikuwa ubao wa nyuma ya chombo cha majini kabla haujawa gurudumu mbele ya dereva. Katika ndege kuna usukani wa wima mkiani, ugeuzao pua kushoto na kulia, na usukani wa ulalo mkiani, uinuao na kushusha pua. Kumwambia msaidizi "angalia usukani" ni kumwachia achague. Neno lifti, ambalo baadhi hulitumia kwa huo wa ulalo kwa kuiga Kiingereza, humpeleka msikilizaji kwenye jengo la ghorofa. Inafaa kusema usukani wa wima na usukani wa ulalo, hata kama maneno yanaongezeka.

Neno juu nalo ni la kuchunga. "Juu!" anapaza sauti mwenye rimoti. Kipande kiende juu, au pua iende juu? Katika usukani wa ulalo mambo hayo mawili huenda pamoja: kijiti kikivutwa nyuma, kipande hunyanyuka na pua hupanda. Katika vibawa havisemwi hivyo kabisa. Kijiti kikisukumwa kulia, kibawa cha kulia hunyanyuka, cha kushoto hushuka, na ndege hulala kulia. Anayewaza kwamba kibawa kinyanyukacho hunyanyua bawa atazigeuza waya, atazikaza, ataridhika, na ndege italala kinyume cha amri mara tu magurudumu yatakapoachana na ardhi. Ndiyo maana ukaguzi hufanywa kwa sauti, kwa sentensi kamili: "Kijiti kulia. Kibawa cha kulia kimenyanyuka."

Kulia na kushoto ni kwa ndege, kana kwamba mtu ameketi ndani yake akitazama mbele. Ndege ikimwelekea mrushaji, mkono wake wa kulia uko upande wa kushoto wa chombo. Mabaharia walikwepa sehemu ya utata huu kwa kutaja pande kufuatana na upepo, joshini na demani, lakini ndege igeukayo mara nne kwa dakika haiwezi kuhudumiwa na maneno hayo.

Chombo cha mkononi huitwa rimoti na watu wote. Kitenzambali ni neno lililoundwa kwa utaratibu mzuri na linafaa katika maandishi. Mitambo ya enzi ya Kazmirski haikuwa na ulaini wa leo. Sauti zilizosafirishwa kwa redio zilitetemesha ndimi nyembamba za chuma ndani ya kipokezi, na kila usukani ulikwenda hadi mwisho wake au ukabaki katikati. Kwa sasa hata anayeunda ndege ya zamani kwa uaminifu mkubwa huweka ndani yake mtambo wa gigahezi 2.4.

Vitenzi vya angani

Lugha ina utajiri usiohitaji kuazimwa. Ndege irukayo tumbo likitazama mbingu inaruka chali, na ikirudi katika hali ya kawaida iko kifudifudi, kama mtu kitandani. Ikizunguka kwenye mhimili wa urefu wake inabingirika. Ikipanda, ikapinduka na kurudi ilipoanzia, imepiga kitanzi. Ikianguka huku ikizunguka kama pia, ni kuzunguka pia, na si kubingirika, ingawa wengi huyachanganya.

Kuzima ni kwa injini pekee. Bawa likiinuliwa mno hadi hewa isiweze kulifuata mgongo, hupoteza kani ya kulinyanyua, hata injini ikiwa inanguruma. Kusema "ndege imezima" katika hali hiyo humfanya mrushaji ahangaike na mafuta badala ya kushusha pua. "Bawa limepoteza kani" ni maelezo marefu kidogo, lakini yanaelekeza mkono mahali panapostahili.

Jambo hilo lina uzito wa pekee katika nyanda za juu za Mara. Mahali pengi pa Tarime na Serengeti ni kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu 14 katika mia kuliko ya pwani. Injini hupungukiwa nguvu na huhitaji mchanganyiko wa mafuta kurekebishwa. Na ndege ileile, kwa uzito uleule, hutua kwa kasi iliyozidi kwa sehemu saba au nane katika mia. Mbunifu aliyechora ramani yake kwa viwanja vya tambarare za chini hakuliandika hilo pembeni.

Ndege isiyo na rubani?

Vyombo vya habari vya Tanzania hutumia ndege nyuki, droni na ndege isiyo na rubani kwa takriban kitu kimoja. Ndege nyuki ni nzuri kwa chombo chenye rafadha kadhaa zivumazo, na haifai kwa ndege ya mabawa. Ndege isiyo na rubani ni istilahi iliyozoeleka, na anayeomba kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga hana budi kuielewa, kwa kuwa ndege ya mfano nayo hurushwa kwa ruhusa, na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti hairushwi bila kibali. Kwa maana ya neno, hata hivyo, istilahi hiyo inapotosha. Rubani, kabla ya kupanda angani, alikuwa mjuzi wa njia za maji aliyeongoza meli kuingia bandarini. Aliyesimama kwenye uwanja wa malisho nje ya Mugumu, ng'ombe wakiwa wamesogezwa mbali, macho yakiwa yameganda kwenye nukta inayobingirika mita 100 juu yake, ndiye rubani. Ila hayumo ndani. "Ndege isiyobeba rubani" ingekuwa sahihi zaidi.

Kurusha ni neno la kuitoa mkononi au kuiendesha angani. Kupaa na kutua ni vya ndege yenyewe. Kutua hutumika pia kwa mzigo: mtu hutua kuni kichwani taratibu, zisimwagike. Kwa ndege iliyofika ardhini kwa pua, neno ni kuanguka, hata kama mwenyewe atasisitiza kwamba imetua.